Kadi Niliyoifunga kwa Wino Mwekundu

Vijana mnaobaki kwenye zahanati ile mmeniomba niandike kitu kabla sijasahau. Sijasahau, na sidhani kama nitasahau, lakini nitaandika. Vyeo nilivyopandishwa mtavikuta kwenye faili langu, havina ladha yoyote. Picha ya kuniaga, ile niliyovishwa shada la maua ya plastiki na kukabidhiwa saa ya ukutani, nimeifungia kabatini. Nitaeleza kazi tu. Na niseme mapema kwamba naandika nikiwa na hasira, asije mtu akadhani kustaafu ndiko kumenitia uchungu. Hasira hii ninayo tangu nikiwa na nywele zangu zote kichwani.

Jina la gereza sitalitaja. Aliyefanya kazi pale anajua ninachosema, na asiyefanya hakukosa kitu. Mimi ni mtoto wa Kampala, wa familia ya Waislamu ambao mababu zao walikuja na biashara kutoka pwani, wakaoa huku, wakatulia. Nyumbani tulisema Kiswahili, kwa hiyo nilipoajiriwa tabibu wa magereza, askari walidhani nimetokea jeshini. Kwetu Kampala mtu akisema Kiswahili kilichonyooka, watu huangalia kwanza bunduki yake iko wapi. Wafungwa hawakujali. Waliniita Musawo, jina ambalo Waganda humpa kila anayeshika sindano, awe bingwa au mwanafunzi.

Wiki yangu ya kwanza nilitumwa kwenye sehemu ya waliohukumiwa kifo. Wafungwa wengine walivaa njano, wale walivaa nyeupe, nasi kwa mazoea tuliwaita wa nguo nyeupe ili tusiseme lile neno jingine. Chuoni tulifundishwa kwamba uchunguzi huanza na uzito. Basi nilibeba mizani kwapani, ile ya chuma ya kusimama juu yake, nikaingia nayo uani saa nne asubuhi huku nikitabasamu. Waliokuwa wakicheza omweso, lile bao la Kiganda, walibaki na mbegu mkononi. Kisha mmoja akaanzisha wimbo wa kanisa, wengine wakaitikia, na mzee mmoja aliyekaa karibu na bomba la maji akajikojolea palepale. Askari wa zamu alinikamata mkono akanitoa nje kama amekamata mwizi wa kuku.

"Wewe naleta mizani huku, nani alikutuma?" aliniuliza. "Unataka watu ikufe leo?"

Ndipo nilipoelezwa. Kabla ya kumnyonga mtu humpima uzito na urefu, wajue kamba iwe ya kiasi gani. Kwa hiyo pale mizani haikuwa chombo cha hospitali. Ilikuwa ndiyo taarifa yenyewe, na mimi nilikuwa nimewapelekea taarifa hiyo watu zaidi ya hamsini kwa mpigo, nikitabasamu. Siku hiyo posho, ugali wa gerezani, na maharage vilirudi jikoni kama vilivyokuja.

Aliyenifundisha kazi baada ya hapo hakuwa na cheti cha aina yoyote. Alikuwa mfunga vidonda, Mzee Opio, mtu wa Kaskazini, mrefu, mwenye miwani iliyoshikizwa kwa plasta. Alikuwa amekaa pale chini ya serikali ambazo hata kuzitaja hakutaka, na alikwisha kuona wakati ambapo watu walinyongwa kwa hukumu na wakati ambapo hawakungojea hata hukumu. "Hapa watu naogopa mizani kushinda kamba," aliniambia. "Kamba hawajaona."

Mzee Opio alikuwa na namna zake. Uzito aliupima kwa salamu: alimshika mtu mkono wa juu karibu na bega, akamuuliza habari za usiku, na vidole vyake vikamwambia kilo, akikosea kidogo tu. Urefu aliujua kwa alama nne alizokwaruza kwenye fremu ya mlango wa chumba cha dawa. Mtu akiingia, Opio alitupa jicho mara moja, yakaisha. Na shingo haikushikwa kabisa. Ukitaka kujua kama tezi zimevimba, ulimwomba mgonjwa ajipapase mwenyewe akueleze. Vitabu vyangu havikuwa na sura ya mambo hayo. Nilijifunza, na mpaka leo nikimpa mtu mkono najikuta natafuta kilo zake.

Jambo la nne alilonifundisha ndilo lililonishinda. Desturi ya pale ilikuwa kwamba mgonjwa hanyongwi. Anatibiwa kwanza, anapata nguvu, ndipo ananyongwa. Nilisikia habari hiyo ikielezwa na watu waliovaa tai, kwa sauti ya upole, kama mtu anayekueleza utaratibu wa kupata pasipoti, na sikuona hata mmoja akipata haya. Hata mbuzi wa Idd anayelishwa vizuri, anayemlisha hajifanyi daktari wake. Kwa sababu ya desturi hiyo, Mzee Opio alikuwa hafungi kadi. Mtu wa nguo nyeupe akishaanza matibabu, kadi yake ilibaki wazi mwaka hadi mwaka: anakohoa, anaharisha, anaumwa mgongo, bado yuko kwenye dawa. Mwili ungeweza kupona. Karatasi hapana.

Niliona ni uzembe wa mtu asiyesoma. Nilikuwa na miaka ishirini na kitu na mwandiko mzuri.

Kasozi aliletwa kwangu mwaka wangu wa nne. Alikuwa fundi wa kujenga kutoka Bukoto, amehukumiwa kwa unyang'anyi ambamo mlinzi aliuawa. Watu huniuliza kama kweli aliua. Sijui. Yeye alisema alikuwepo ila mkono haukuwa wake. Sheria ya wakati ule haikumwachia jaji nafasi ya kupima nani alishika panga na nani alisimama njiani. Ukishapatikana na hatia ya kuua, ni kamba tu, na jaji anabaki kusoma. Yule mlinzi naye alikuwa na watoto, na sijawahi kumwambia mtu kwamba kifo chake kilikuwa kitu kidogo. Hasira yangu haiko hapo.

Kasozi alikuwa na kifua kikuu. Alikuwa akitema damu kwenye kikopo cha uji, amekonda mpaka shati la nyeupe linamzunguka mara mbili. Nilimwandikia dawa akazikataa. Alizirudisha kwenye kiganja changu, taratibu, bila ubishi.

"Musawo, mimi napona ya nini?" aliuliza.

Ningekuwa na akili ningenyamaza. Lakini nilikuwa nimesoma, kwa hiyo nilijibu. Nilimwambia rufaa zinasikilizwa, sheria zinabadilika, marais husamehe, na zaidi ya hayo anawaambukiza wenzake. Hilo la mwisho ndilo lililomwingia. Alianza kumeza.

Baada ya wiki chache macho yake yakawa manjano. Vidole vya Mzee Opio vilikuwa vimemkadiria kilo nyingi kuliko alizokuwa nazo, kwa sababu fundi wa kujenga hubaki na mikono hata mwili ukiisha, na dawa zilizopimwa kwa kilo hizo zilikuwa zinamuumiza ini. Nilihitaji uzito wa kweli. Nilimleta peke yake kwenye chumba cha dawa, nikafunga mlango, nikaitoa mizani chini ya meza. Alirudi nyuma mpaka mgongo ukagonga ukuta. Nilimweleza habari ya ini, nikamwambia kilo zake zitaandikwa kwenye kadi yangu ya matibabu na hazitatoka chumba kile.

"Apa," alisema. "Apa kwa Mungu yako."

Niliapa. Nilisema wallahi, mara tatu, mkono juu. Akapanda akiwa amefumba macho, akaniomba nisimtajie. Alikuwa na kilo arobaini na nne.

Miezi minane tulikwenda hivyo. Kila mwezi alipanda akiwa amefumba macho, nami niliandika. Dada yake, Nakato, aliyekuwa akiuza mukene, wale dagaa wadogo wa ziwa letu, katika soko la Bukoto, alikuja kumwona siku za wageni. Alikuwa akilia, na siku moja langoni aliniambia kwamba habari ya kamba amemwachia Mungu, ila ile sauti ya kukohoa ndiyo inamfuata mpaka kitandani. Nilimwambia kifua kitapona, anipe muda. Na kweli kilianza kupona. Kasozi alianza kula, akaanza kutania, akamtengenezea Mzee Opio benchi la kusubiria wagonjwa lililokuwa likiyumba. Mwezi wa mwisho alifumbua macho juu ya mizani akaniuliza ni ngapi. Nikamwambia sitini na moja. Alicheka mpaka akashika meza, akasema hata alipokuwa huru hakuwahi kufika hapo.

Makohozi yalirudi kutoka maabara yakiwa safi mara tatu mfululizo. Huyo alikuwa mgonjwa wangu wa kwanza wa kifua kikuu niliyemtoa kaburini kwa mikono yangu. Nilichukua rula na kalamu ya wino mwekundu, nikapiga mistari miwili chini ya kadi, nikaandika kwa herufi kubwa AMEPONA, nikatia tarehe na sahihi. Nilipendezwa na sahihi ile.

Mzee Opio aliiona jioni akipanga kabati. "Hii kadi umefunga?" aliuliza.

Nikamjibu amepona, mzee.

"Kupona nimeona. Nauliza, umefunga?"

Alivua miwani akaifuta kwa muda mrefu, akairudisha kadi mahali pake. Nilidhani ananionea wivu.

Kwa miaka kadhaa hakuna mtu aliyekuwa amenyongwa, na wengi tulikwisha kuamini kwamba kitu kile kimekufa chenyewe. Kisha, miezi michache baada ya kadi ile, ikaja barua kutoka ofisi ya juu, na orodha ya majina. Pembeni ya kila jina kulikuwa na nafasi tatu za kujaza: urefu, uzito, hali ya afya. Mkuu wa sehemu aliileta mwenyewe kwenye chumba cha dawa. Nilimwambia watu wale hawajapimwa. Akasema kuna kadi. Nikasema kadi ni siri ya mgonjwa na tabibu wake.

"Mgonjwa wa nani? Wa serikali," alisema, bila hata kupandisha sauti. "Kadi ya nani? Ya serikali. Fungua kabati."

Nilifungua. Andikeni hilo mahali: nilifungua kwa ufunguo wangu. Katika orodha ile watatu walikuwa na kadi za kifua kikuu. Wawili walikuwa wa Mzee Opio, walioanza dawa kabla sijaajiriwa, na kadi zao zilikuwa wazi zimejaa kikohozi cha miaka. Mkuu wa sehemu alizisoma akakunja uso, akaandika pembeni ya majina yao: mgonjwa. Kisha akafika kwa Kasozi. Hakuhitaji kuuliza kitu. Urefu ulikuwepo, na kilo, mwezi kwa mwezi, kwa mwandiko mzuri. Na chini kabisa, kwa wino mwekundu, palikuwa na neno alilolitafuta.

Nilimfuata mpaka ofisini. Nilimwambia niliharakisha, kwamba makohozi yanaweza kuwa yalichanganywa maabara, kwamba nataka kadi nirekebishe. Alinitazama kwa huruma, na huruma hiyo ndiyo ninayoichukia zaidi ya yote.

"Musawo, ulikosea siku gani? Ile au leo?"

Ningesema ile, ningekuwa tabibu asiyejua kazi. Ningesema leo, ningekuwa mwongo. Nilisimama nikichagua kati ya aibu hizo mbili, na nilipokuwa nachagua yeye aligonga muhuri. Kesho yake wengine walipimwa kwa nguvu, askari wanne kwa mtu mmoja, na kelele zao zilifika kwenye wodi ya kifua. Kasozi hakupimwa. Hakukuwa na haja.

Niliwahi kumwona mara moja tena, kwenye korido, walipokuwa wakiwahamisha kwenda vyumba vya mwisho. Nilitaka kujificha nyuma ya mlango wa stoo, nikachelewa. Alimwomba askari amsimamishe kidogo, askari akakubali. Nilingoja anitajie kiapo changu. Alisema hivi tu:

"Mwambie dada kifua imepona. Aliogopa hiyo kifua sana."

Asubuhi yenyewe sikuwepo mle ndani, na sitajifanya nilikuwepo. Nilikuwa chumba cha dawa nachemsha sindano ambazo hakuna aliyekuwa akizihitaji. Mzee Opio aliketi kwenye benchi alilotengeneza Kasozi, kofia magotini. Watu wa nje walisikia kwenye redio, ndugu wa walionyongwa wakiwemo. Walikuja langoni kuomba miili wakaambiwa miili ni ya gereza. Nakato alikuwa miongoni mwao. Nilimwona kupitia dirisha, nikatoka kwa mlango wa nyuma.

Tangu siku hiyo sikufunga kadi ya mtu wa nguo nyeupe. Mzee Opio alistaafu, akafa kwao, na mimi niliendeleza ukaidi wake kwa miaka mingi. Alikuja mkaguzi mmoja kutoka wizarani na kompyuta yake, akatuonyesha ukutani kwamba wagonjwa wa sehemu ile hawaponi kabisa, mwingine yuko kwenye dawa za kikohozi mwaka wa saba. Nilipewa barua ya onyo kwa uzembe. Ndiyo karatasi pekee katika faili langu ninayojivunia, na mkiipata mnitolee nakala.

Kisha mahakama ya juu kabisa ikasema kwamba jaji asilazimishwe tena kutoa hukumu ya kifo, na kwamba mtu aliyengojea kamba zaidi ya miaka mitatu baada ya rufaa yake ya mwisho asinyongwe. Uani walicheza ngoma kwa ndoo. Wale wawili wa Mzee Opio walirudishwa mahakamani wakasikilizwa upya, na baadaye wakatoka. Mmoja ana kibanda cha kushona viatu Ntinda, karibu na njia panda. Nikipita hunisimamisha tukapiga soga. Wako hai kwa sababu mfunga vidonda asiye na cheti aliwaandika vibaya. Kasozi amekufa kwa sababu tabibu mwenye diploma alimwandika vizuri. Mkitaka kujua hasira yangu inatoka wapi, someni sentensi hizo mbili tena, kisha mniambie ni nchi gani inayomwachia mwandiko wa kijana kazi ya namna hiyo.

Na msidhani yamekwisha. Miaka mingi imepita bila kamba kutumika pale, lakini sheria ingali kitabuni, wa nguo nyeupe wangali wapo, na kila baada ya muda anasimama mkubwa mmoja kutuambia watu wamezidi uhalifu, itabidi kamba irudi. Ikirudi, haitaanzia kwa mnyongaji. Itaanzia kwenye chumba chenu cha dawa, na karatasi yenye nafasi tatu za kujaza, ikiletwa na mtu mpole. Nafasi hizo msizijaze. Wakiwafukuza kazi, njooni kwangu tutakula nitakachokuwa nacho.

Ule ujumbe wa Kasozi sikuupeleka. Naishi Bukoto, soko liko dakika kumi kwa mguu, na miaka yote hiyo nimemlazimisha mke wangu anunue samaki Ntinda, akilalamika kwamba wameanza kuoza, bila kumwambia kwa nini. Wiki iliyofuata kustaafu kwangu nilivaa kanzu nikaenda. Nilikuwa nimepanga maneno yote: kadi, wino, kabati, ufunguo. Ilikuwa imenyesha, soko lina matope. Nakato amezeeka, lakini nilimjua kabla sijafika, naye aliinua macho akasema, "Musawo."

Nilimwambia nina maneno ya kaka yake niliyochelewa nayo. Nilimwambia: alisema kifua kimepona.

Aliacha kupepeta mukene. "Hata damu hakutema tena?"

Nikamwambia hata tone, alikuwa anakula, alifika kilo sitini na moja. Alifunika mdomo kwa mkono akacheka, akarudia, Kasozi, sitini, kama anayesikia kioja. Kisha akalia kidogo. Nilikuwa nafungua kinywa ili nifike kwenye kadi, lakini yeye alikwisha kufuta mikono kwenye gauni lake la gomesi, akapiga magoti kwenye matope yale, mbele ya wateja wake, kama wanawake wa Kiganda wanavyomshukuru mtu.

"Weebale, Musawo," alisema. "Asante kuponya kaka yangu. Mimi siku zote nilijua alikufa na ile maumivu."

Watu walikuwa wanatutazama. Nikamshika mkono nimwinue, nikamwambia asante ya nini, mama, ilikuwa kazi yangu.